Baiskeli Isiyompa Mkubwa Mgongo

Katika nchi moja, ambayo jina lake limekwisha badilishwa mara nne na sasa linasubiri la tano, petroli iliisha siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Redio ilieleza kuwa haikuisha, bali imepumzishwa. Wananchi waliipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa, kwa kuwa mwaka uliotangulia ulikuwa umepumzishwa umeme, na kabla ya umeme sukari, na kabla ya sukari uchaguzi.

Kwa wananchi halikuwa tatizo, maana miguu yao haikuwahi kutumia petroli. Waliotaabika ni wakubwa. Magari yao meusi yalibaki uani, kuku wakatagia viti vya nyuma, na wenyewe wakalazimika kupanda baiskeli za abiria, zile ambazo mtu hukaa kwenye karia nyuma ya mwendeshaji na kushika chini ya tandiko. Haikupita siku mbili wakagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Mkubwa akikaa nyuma, kinachokuwa mbele ya uso wake safari nzima ni mgongo wa mdogo.

Msomaji wa nchi nyingine anaweza kucheka. Acheke tu, kwake ni mbali. Katika nchi ile kumpa mkubwa mgongo lilikuwa kosa kongwe kuliko wizi. Mtu akimaliza shida yake ofisini alitoka kinyumenyume, uso kwa mkubwa na tabasamu mahali pake, mpaka mlango umfiche. Watoto wa darasa la kwanza walifundishwa kutembea kinyumenyume kabla ya kufundishwa kuandika. Hospitali kuu ilikuwa na wodi nzima ya watu waliovunjika nyonga kwenye ngazi za wizara, nayo iliitwa Wodi ya Adabu, na waliolazwa humo walipata uji wenye maziwa. Mkuu wa wilaya alipotembelea soko, soko zima lilirudi nyuma kwa heshima, na wauza nyanya wakakalia nyanya zao wenyewe.

Basi katika wiki ya kwanza ya petroli kupumzika, waendeshaji arobaini na mmoja walitiwa ndani kwa kuwapa abiria wao mgongo. Wa thelathini na tatu alikuwa msichana aitwaye Mize, binti pekee wa fundi Ngwali. Mize alikuwa amempakia Mkuu wa Wilaya kilomita nane kwenye matope, tena mlimani, bila kumwangusha. Mkuu wa Wilaya alishuka, akamshukuru, kisha akaenda kumshitaki. Hayo ni mambo mawili tofauti, aliieleza mahakama, na shukrani yake bado iko palepale. Mize akahukumiwa mwaka mmoja kwa kila kilomita.

*

Ngwali alikuwa mjane mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la ndizi. Mji mzima ulimjua kwa baiskeli zake za vioja. Mama mmoja muuza uji, Ngwali alimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu yenye jiko mbele, uji ukichemka huku yeye anakanyaga. Mzee mmoja mwenye mguu mmoja alimtengenezea yenye pedali moja, iliyojirudisha yenyewe kwa springi ya kitanda. Seremala wa majeneza alimtengenezea ndefu kama ngazi, ambayo watu waliipisha bila kupigiwa kengele. Kazi zote hizo alizifanya kwa sababu mtu fulani alikuwa na shida fulani, na Ngwali hakuweza kulala penye shida inayotatulika kwa spana.

Alikaa siku nne kwenye benchi la Wizara ya Adabu na Usafiri. Siku ya tano akaingizwa kwa Waziri Kigumba, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye inasemekana hakuwahi kumfokea mtu maishani mwake. Watu wake walitoweka tu, bila kelele.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu, Mize. Yule aliyempakia Mkuu wa Wilaya."

"Aliyempa mgongo," Waziri alisahihisha bila ukali. "Kilomita nane, fundi. Hata adui hapewi mgongo kilomita nane."

"Mheshimiwa, baiskeli ndivyo ilivyo. Anayeendesha anatazama mbele."

Waziri aliweka kalamu mezani, akamtazama Ngwali kwa huruma ya kweli.

"Nani kamwambia mwananchi atazame mbele? Huko mbele kuna nini kinachomhusu? Mbele kunatazamwa na serikali. Mwananchi akiitazama serikali, naye ameona mbele, tena bila kuchosha macho." Akavuta karatasi. "Naambiwa wewe una akili ya vyuma. Nitengenezee baiskeli ambayo mwendeshaji amemwelekea mkubwa, uso kwa uso. Moja ya Mlezi Mkuu wa Nchi, na ishirini za viongozi. Nakupa siku ishirini na moja. Ukimaliza, binti yako anatoka."

"Na nisipomaliza, Mheshimiwa?"

"Kosa litakuwa si lake tena. Litakuwa la ukoo."

Ngwali alizihesabu siku kwa vidole. "Sasa huyo mwendeshaji, Mheshimiwa, ataionaje njia?"

"Hilo ni swali la kiufundi," alisema Waziri, "na fundi ni wewe."

Ngwali akatoka kinyumenyume. Kwenye ngazi ya tatu unyayo ulimteleza, lakini akaudaka ukuta, akafika chini na nyonga zake zote mbili.

*

Na hapa ukweli usemwe, maana hadithi haina wajibu wa kumlinda mtu. Ngwali aliifurahia kazi ile. Siku mbili za kwanza alifanya kwa uchungu wa mwanawe. Ya tatu akajikuta anapiga mluzi.

Kiti cha mkubwa alikiweka nyuma, kikitazama mbele kama kawaida. Mwendeshaji akamgeuza: alikaa katikati ya fremu na kumwelekea mkubwa, akiipa njia mgongo wake. Usukani uliunganishwa na gurudumu la mbele kwa fito mbili zilizopishana, ili mkono wa kushoto usije ukaipeleka nchi kulia. Mnyororo ulimsumbua, kwa sababu mtu akikanyaga huku amegeuka, baiskeli nayo hutaka kurudi ilikotoka. Akaukunja kama tarakimu ya nane, na pale ulipopishana akatia kigurudumu cha cherehani ya marehemu mkewe ili usijikwaruze. Breki zote mbili zilikuwa mikononi mwa mwendeshaji. Na kwenye kila ncha ya usukani alifunga kioo kidogo cha kunyolea, ili yule aliyegeuka aone kule anakokwenda. Vioo ndivyo alivyojivunia kuliko vyote. Alijaribu mwenyewe kuzunguka soko la ndizi mara tatu, akipakia gunia la mchele mahali pa mkubwa, na gunia halikulalamika.

Kamati ya Heshima ya Barabara ilikuja kukagua ikiwa na wajumbe tisa, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha baiskeli, jambo lililowawezesha kutoa maoni bila upendeleo. Walipendekeza kiti cha mkubwa kiinuliwe, asije akalingana na mdogo kimo. Kikainuliwa mpaka miguu ikaning'inia. Wakapendekeza mkanda mnene wenye kufuli ndogo mgongoni, kwa kuwa mkubwa kuanguka ni kushuka hadhi. Kisha mjumbe wa saba akaviona vioo.

"Hivi vinaonyesha nini?"

"Njia, Mheshimiwa. Mwendeshaji aone mbele kuna nini."

"Yaani aone kabla ya Mlezi Mkuu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kwa wakati mmoja."

"Kwa wakati mmoja," mjumbe alirudia polepole, na katibu akaandika.

Vioo vyote arobaini na viwili viling'olewa siku ileile, vikatiwa kwenye sanduku na kupigwa lakiri, viwe vielelezo vya kesi itakayofikiriwa baadaye. Ngwali alieleza, kwa adabu zote, kwamba bila vioo mwendeshaji ni kipofu. Kamati ikamjibu kuwa mkubwa ndiye atakayetoa mwelekeo, atasema kushoto, atasema kulia, atasema breki, na mdogo atafuata, na kwamba huo si uvumbuzi bali ndio utaratibu wa nchi tangu iumbwe. Ngwali alipowaza akaona, kwa shingo upande, kuwa inawezekana. Abiria awe na macho na mdomo tu.

Siku ya kumi na tisa Mlezi Mkuu alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu mwenye miwani nyeusi, ambayo redio ilisema anaivaa kwa huruma, asiwatishe watu kwa macho yake. Waziri Kigumba alimshika kiwiko akamwongoza mpaka kwenye baiskeli, taratibu, hatua kwa hatua. Mzee akaipapasa fremu, akaupapasa usukani, akatabasamu.

"Nzuri," alisema. "Nimeipenda hasa rangi yake. Nyekundu ni rangi ya ushujaa."

Baiskeli ilikuwa ya kijani. Ngwali alikuwa ameipaka jana yake kwa mkono wake, na kijani kilikuwa bado kwenye kucha.

Wajumbe wakamtazama Waziri.

"Nyekundu kabisa, Mtukufu," alisema Waziri.

Wajumbe tisa wakakubaliana juu ya wekundu ule, na wa saba akasema kuwa unamuumiza macho. Mlezi Mkuu alipoondoka, debe la rangi nyekundu lililetwa mbio, na baiskeli ikapakwa upya kabla Ngwali hajamaliza kuficha mikono mifukoni. Alikuwa ameelewa jambo ambalo nchi nzima huenda ilikwisha lielewa zamani, kila mtu peke yake, na ambalo adhabu ya kulisema haikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kubaki kuisoma.

*

Mize alitolewa siku ya ishirini, amekonda, nywele zimenyolewa. Ngwali alimkumbatia langoni mpaka askari akakohoa. Na papo hapo, langoni, Waziri Kigumba akawasomea habari njema. Mwendeshaji wa Mlezi Mkuu katika maandamano ya uzinduzi atakuwa Mize.

"Fundi ambaye mwanawe yuko juu ya chombo," alieleza kwa sauti yake ndogo, "hukaza nati vizuri."

Ngwali akamfuata pembeni. "Mheshimiwa, maandamano yanashuka Mlima wa Ikulu. Pale kwenye kituo cha petroli kuna kona."

"Naijua."

"Asipokata kushoto pale, mbele ni lile shimo."

Shimo lenyewe lazima lielezwe. Barabara ya Ushindi, kwa mujibu wa ramani, ilinyooka kutoka Ikulu kilomita kumi na moja mpaka mpakani. Ilikuwa imekwisha zinduliwa mara mbili. Lakini mkandarasi alihitaji mawe ya kuijengea, na mawe mazuri kuliko yote yaliyopatikana yalikuwa chini ya palepale barabara ilipotakiwa kupita. Akayachimba, akajengea lami ya kilomita mbili, na mahali pa kilomita ya tatu pakabaki shimo ambalo ukidondosha jiwe ukingoni unaweza kusema jina lako na la baba yako kabla hujasikia likitua. Uzio haukuwekwa. Uzio ungekuwa kukiri kwamba kuna kitu.

"Mtukufu atatoa mwelekeo," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, Mtukufu ata..." Ngwali akasita. "Ataweza?"

"Unataka kusema nini, fundi?"

"Sitaki kusema kitu, Mheshimiwa."

"Vizuri." Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tupu. "Mimi nitakuwa kwenye baiskeli ya pili, nyuma yake. Pale kwenye kona nitakohoa mara moja. Binti akisikia akate kushoto. Kikohozi tu. Mtu hakamatwi kwa kifua chake."

Nyumbani, Mize alikula ugali wa watu wawili. Kisha akanawa, akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Ngwali zaidi.

"Baba, umenitoa jela ukaniweka mtegoni."

"Utasikia kikohozi, mwanangu."

"Nisiposikia?"

"Mimi nitakuwa mbele yako. Wameniweka pamoja na bendi, Fundi wa Taifa, na mfuko wangu wa vifaa begani. Nitaangalia njia."

"Utaiangaliaje," aliuliza Mize, "na wewe utakuwa unatembea kinyumenyume?"

Ngwali alichukua spana akaenda kukaza nati zilizokwisha kazwa.

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Vipaza sauti vilifungwa kwenye kila nguzo. Msafara ulipangwa kwa itifaki. Mbele kabisa Bendi ya Polisi, askari kumi na sita, ambao kwa siku ile ndio walikuwa polisi wote wa ulinzi, kwani bunduki na tarumbeta havibebeki pamoja. Walitembea kinyumenyume, wakimwelekea Mtukufu. Baada yao Ngwali, kinyumenyume. Kisha baiskeli nyekundu, Mize akikanyaga huku ameipa njia mgongo, na juu yake Mlezi Mkuu kwenye kiti kirefu, amefungwa mkanda, miwani yake ikimeremeta. Nyuma yake viongozi ishirini, kila mmoja na mwendeshaji wake aliyemwelekea kwa tabasamu la kanuni. Waendeshaji walikuwa wafungwa wenzake Mize, walioazimwa gerezani kwa siku moja.

Kwa hiyo watu wa kawaida katika msafara ule wote walikuwa wamegeukia nyuma. Viongozi ishirini walitazama mbele, lakini kwa heshima walitazama kisogo cha Mtukufu. Na aliyetazama njia yenyewe, waziwazi, bila kuzuiwa na kitu, alikuwa Mlezi Mkuu peke yake.

Mteremko ulianza. Mize alikanyaga kidogo, akabana breki kidogo. Ngwali alimtazama kisogoni, naye Mize alimtazama Mtukufu usoni, kama sheria ilivyotaka, masikio ameyasimamisha. Anayerudi kinyumenyume hukiona kitu baada ya kukipita, na Ngwali alihesabu: hospitali, sasa ghala la chumvi, sasa bado hatua mia kufika kwenye kona.

Hapo Mlezi Mkuu akaanza kuzungumza.

"Naona mbali leo," alisema, na sauti yake ikanaswa na vipaza sauti vyote mlimani. "Naona mashamba. Naona viwanda. Naona moshi wa viwanda."

Waziri Kigumba alikwisha fungua mdomo ili akohoe. Akakumbuka. Ilikuwepo sheria, aliitunga mwenyewe akiwa kijana, kwamba anayekohoa Mtukufu akizungumza amempinga. Akaufunga mdomo. Mishipa ya shingo ilimtoka, machozi yakamlenga, lakini kikohozi alikimeza.

"Naona na reli," aliendelea Mlezi Mkuu.

Ngwali alikiona kituo cha petroli kikitokea ubavuni mwake, kikapita, kikabaki nyuma ya msafara. Kona haikukatwa. Alimtazama Mize, na Mize, ambaye alikuwa bado anasubiri, alimtazama Mtukufu.

Ngoma kubwa ikanyamaza. Watu walidhani wimbo ndivyo ulivyotungwa. Kisha yakanyamaza matoazi. Tarumbeta mbili zikakatika katikati ya sauti, na zumari likabaki linapiga peke yake, likitetemeka, mwanamuziki wake akimkazia macho Mtukufu na kurudi nyuma kwa hatua za gwaride. Kisha zumari nalo likawa halipo.

Ngwali akageuka.

Aligeuza mwili wake wote, mchana kweupe, mbele ya taifa, akampa Mlezi Mkuu mgongo. Hakuna aliyewahi kuliona jambo lile. Wanawake kando ya barabara waliwaziba watoto macho. Hatua kumi mbele yake lami iliishia, na baada ya lami palikuwa na hewa.

"Mize, breki."

Hakupiga kelele sana. Mize aliijua sauti ile tangu alipokuwa anajifunza kuendesha kwenye uchochoro wa ndizi. Akabana mikono yote miwili. Baiskeli nyekundu ikalia, ikasimama, na zile ishirini zikasimama nyuma yake moja baada ya nyingine.

*

"Mbona nchi imesimama?" aliuliza Mlezi Mkuu.

Vipaza sauti vililirudia swali mpaka juu mlimani.

"Mtukufu," alisema Mize, bila kuondoa macho usoni pake, "mbele kuna shimo."

Mzee aligeuza kichwa pembeni. "Kigumba. Kuna shimo?"

Waziri Kigumba aliona kila kitu. Aliuona ukingo, na kofia ya askari wa bendi imelala pale peke yake. "Mimi naona unachokiona wewe, Mtukufu."

"Mimi naona barabara."

"Barabara, Mtukufu. Tena pana."

"Basi huyu binti ni mwongo. Na sauti ile ilikuwa ya nani?"

"Ya fundi, baba yake. Amekupa mgongo, Mtukufu."

Sauti ya Mlezi Mkuu sasa ilikuwa ya mzee aliyeumizwa. "Polisi wawakamate wote wawili."

"Polisi wametangulia, Mtukufu."

"Basi waendeshaji. Waendeshaji wote washuke, wawakamate."

Waendeshaji wakatazamana. Aliyekuwa amempakia Waziri, kijana mwembamba aitwaye Pandu, alilowa jasho. "Mtukufu, tukishuka, hizi breki..."

"Nimesema mshuke."

"Mtukufu," alisema Waziri Kigumba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ndogo ilipanda, "labda..."

"Labda nini?"

Waziri alitazama mbele. Akakitazama kisogo kile alichokitazama kwa miaka ishirini na sita. "Labda washuke upesi zaidi, Mtukufu."

Wakaanza kushuka, kila mmoja akiwa bado ameshika breki, maana kwa itifaki wa mbele ndiye huachia kwanza. Pandu alisubiri Waziri aseme neno moja tu, hata kwa jicho. Hakusema. Pandu akashuka.

"Na mimi nishuke, Mtukufu?" aliuliza Mize.

"Wewe wa kwanza."

"Nikiachia breki, baiskeli itakwenda."

"Itakwenda wapi?"

"Mbele, Mtukufu."

"Basi ndivyo ninavyotaka," alisema mzee.

Mize hakushuka mara moja. Kwa karibu hivyo Mlezi Mkuu alikuwa mzee tu, mwenye mvi masikioni, na alinuka mafuta ya mkarafuu. Mize akamwonea huruma, na huruma ikamkasirisha. Akageuza shingo, akamtazama baba yake aliyekuwa amejibanza kando ya lami. Ngwali alitikisa kichwa, kwa namna ambayo mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa anamkataza au anashindwa kutazama. Mize akangoja mmoja katika wale ishirini aseme mbele kuna nini. Wote walikuwa na macho mazima. Vipaza sauti vilikuwa vimewashwa, na vilinasa pumzi zao tu.

Akaachia, akaruka pembeni, na wenzake wakaachia nyuma yake.

Zilikwenda kwa itifaki. Nyekundu ilitangulia, kisha ya Waziri wa Adabu na Usafiri, kisha ya Fedha, kisha ya Sheria, na wengine kwa vyeo vyao, polepole mwanzoni. Walikuwa wamefungwa mikanda wakiwa juu, miguu ikining'inia, nyuso mbele. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele, kwa maana kupiga kelele mbele ya Mtukufu lilikuwa kosa, nao walikuwa watu wenye adabu mno.

*

Kwa muda mrefu hakuna aliyetembea. Kisha Pandu, aliyekuwa mtu wa kutii, akamwendea Ngwali na kumshika mkono wa shati.

"Fundi, umekamatwa."

"Haya," alisema Ngwali.

"Tukupeleke wapi?"

Waendeshaji wengine walisogea wakawazunguka yeye na Mize, na watu wa kandokando nao wakasogea. Hakuna aliyekwenda kuchungulia ukingoni. Walikuwa wamegeukia juu, kuelekea Ikulu, kwa mazoea.

Vipaza sauti vikakoroma. Aliyezungumza alikuwa Naibu Mlezi, ambaye hakushuka na msafara kwa sababu ya mafua. Alitangaza kwa pua iliyoziba kwamba uzinduzi umefana. Mlezi Mkuu amefika salama, na atakaa huko kwa muda. Leo ni sikukuu, kesho ni kazi. Waendeshaji wakae tayari. "Na fundi Ngwali," aliendelea, "aletwe Ikulu sasa hivi na vifaa vyake. Zinatakiwa baiskeli nyingine ishirini na moja. Ya kwanza itaendeshwa na binti yule yule, kwa kuwa ameonyesha utii."

Mkono wa Pandu ukakaza. Macho yote yakamwelekea Ngwali, si kwa chuki, bali kama watu wanaongoja kuambiwa waanze. Ngwali alihisi mfuko begani umekuwa mzito. Na kilichomtisha, kuliko shimo na kuliko Naibu, ni kwamba vidole vyake vilikwisha anza kupima, vyenyewe, urefu wa fito.

Mize aliviona vidole vile. Akamsogelea baba yake, akauvua mfuko begani mwake taratibu, spana zikagongana ndani. Akatembea nao hatua kumi mpaka pale lami ilipoishia, akautupa.

Wote wakasikiliza. Ulichukua muda kutua.

"Baba yangu hana vifaa," alisema Mize. "Na hii kazi haijui."

Kipaza sauti kilirudia tangazo tangu mwanzo, neno kwa neno. Pandu alimtazama msichana, akatazama juu mlimani, akatazama mkono wake mwenyewe uliong'ang'ania shati la fundi. Hakuliachia shati, wala hakumvuta fundi.